Jinsi nilivyookoa kolamu za HPLC zisiliwe na maji

HPLC ni mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye kimiminika; kolamu ni bomba lake lililojazwa unga wa silika. Kolamu za maabara yetu ya kupimia dawa zilikuwa zinakufa mapema. Vilele kwenye grafu vikaanza kutoka na vichwa viwili. Nilipofungua kolamu moja upande wa kuingilia, ule unga mweupe ulikuwa umedidimia na kuacha uwazi.

Chanzo: bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya fosfeti ya pH 8, kwenye joto la nyuzi 50. Unga huo wa silika una vitundu vingi mno. Gramu moja huwa na uso wa mamia ya mita za mraba, basi maji hupata pengi pa kuimung'unya. pH ikipita 8 huyeyuka kwa kasi, na fosfeti huchochea zaidi kuliko Tris, bafa ya aina nyingine.

Nikahamia Tris, joto nikashusha hadi 30. Kisha nikafunga kolamu fupi ya silika tupu kati ya pampu na injekta (mahali sampuli inapoingizwa), bafa ishibe silika kabla ya kufika kwenye kolamu yenyewe. Sasa inayoliwa ni hiyo ya bei poa. Vilele vimetulia. Kero yake moja: huchelewesha gradienti (kubadilisha mchanganyiko wa vimiminika hatua kwa hatua wakati wa kipimo), kwa hiyo kwa vipimo vya namna hiyo naichomoa.