Kampala: Droo za Makumbusho Ambazo Mgeni Hafunguliwi

Kutoka stendi ya zamani ya taksi, gari la Kamwokya hukushusha karibu na Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira. Yalianzishwa 1908 huko Old Kampala, yakahamia hapa Kitante 1954. Visukuku vya Napak na Moroto, milima ya kaskazini mashariki mwa Uganda, vinastahili siku yake, sisi tulipita tu. Tulichukua boda hadi Wandegeya, tukapanda mlima wa Makerere kwa miguu kwenda kwenye makabati ya utafiti ya chuo kikuu, wanamohifadhiwa wanyama, wadudu na mimea.

Anayetarajia ndege waliosimama juu ya matawi atavunjika moyo. Ndege wa utafiti hulazwa chali kwenye droo, tumbo limejazwa pamba, miguu imefungwa pamoja, na lebo mguuni: mahali, tarehe, mwinuko, mkusanyaji. Ngozi, yaani ndege aliyekaushwa hivyo, bila lebo ni manyoya tu. Lebo huandikwa kwa penseli au wino usiofutika. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti ya kuhifadhia sampuli, ukabaki na chura asiye na kwao. Ngozi za zamani shika kwa glavu, nyingi zilipakwa sumu ya arseniki.

Mharibifu mkuu ni mbawakawa wa milimita tatu hivi, ingawa mlaji hasa ni kibuu chake chenye vinyweleo. Ukiona unga laini chini ya mdudu aliyechomwa pini, mharibifu huyo ameshaingia. Ndiyo maana kila sampuli mpya hupitia friza kwanza: funga kwenye mfuko wa plastiki, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima. Umeme ukikatika siku ya nne na vitu vikayeyuka, hesabu inaanza upya. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu ya sampuli na kuvu itafuata. Cha kuchekesha, ndugu yake mbawakawa huyo hufugwa makusudi asafishe nyama kwenye mifupa, lakini jengo lake liwe mbali kabisa.

Kwenye mimea, mgomba ndio mtihani. Karatasi ya kubandikia ina sentimita 29 kwa 42 hivi, jani lina mita mbili. Hukatwa kitako, katikati na ncha, kila kipande na lebo yake, halafu hubanwa kati ya magazeti na kadibodi. Magazeti hubadilishwa kila siku mwanzoni. Mvua za Machi hadi Mei ukiruka siku mbili, jani linakuwa jeusi.

Chupa za spiriti hutaka ethanoli ya asilimia 70: mililita 730 za asilimia 96, jazia maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Kifuniko kikilegea, pombe hutoka kabla ya maji, hivyo kilichobaki ni dhaifu kuliko kinavyoonekana. Kuongeza asilimia 70 juu yake hakurudishi nguvu. Pima kwanza kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha nguvu ya pombe. Ikiwa imeshuka sana, mwaga yote ujaze mpya.