Alama ya kiatu juu ya zulia

Napiga picha za harusi hapa Lubumbashi. Jumamosi moja asubuhi niko katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, mchana kwa Wametodisti, jioni ukumbini.

Siku ya kwanza kuitwa msikitini, bwana harusi alikuwa ameketi chini, mkono wake ndani ya mkono wa baba mkwe, shehe mbele yao. Nikaogopa kukosa picha ile. Nikaingia mbio na viatu, hatua mbili juu ya zulia. Hakuna aliyenifokea. Mzee mmoja aliinuka, akachukua kitambaa, akapiga magoti na kufuta taratibu vumbi jekundu la soli yangu. Kisha akanisogelea: "Mwana yangu, apa njo tunawekaka kipaji," yaani paji la uso wakisujudu. Aibu ya siku ile ninayo hadi leo.

Tangu hapo nauliza kwanza, hata kwetu Wakatoliki, ambako zamani nilikuwa nikipanda mpaka altareni bila kufikiri.

Lakini kinachoniuma hasa ni habari ya sinagogi. Ilijengwa mwaka 1930, mji ukiitwa bado Élisabethville, na Wayahudi wengi waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes. Rabi Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937, aliwaongoza kwa miongo mingi. Siku hizi waliobaki ni wachache. Basi mwezi uliopita maharusi wangu wakataka picha mbele yake, Jumamosi, kwa kuwa jengo ni zuri. Sentinele, mlinzi wa getini, akakataa: leo Sabato, hapa hapapigwi picha. Msimamizi wa bwana harusi akapaza sauti: "Ndani hamuna hata mutu!"

Kaburi la mama yangu nami kila nikienda nalikuta peke yake, majani yamelizunguka. Je, mtu alikanyage kwa sababu hakukuta mtu pale?

Nikarudisha kamera kwenye begi. Tukaenda kwingine, bi harusi amenuna njia nzima, na sikumlaumu, siku ni yake.

Jumatatu nilirudi kumshukuru yule sentinele. Tukazungumza getini. Akaniuliza kama nina kofia, maana humo mwanamume hufunika kichwa. Sikuwa nayo, kanisani nimezoea kuvua. Nimeshonesha moja kwa fundi jirani, ya kitambaa cheusi. Inakaa kwenye begi, kando ya betri.