Nyumba ya nyanya huko Mtongwe, Mombasa: lipu ya saruji imetoka

Jumapili, wiki ya sita ya ukarabati

Ukuta wa nyuma tumeumaliza, lipu ya saruji imetoka yote. Tuliipiga sisi wenyewe, miaka ile familia ilipotaka nyumba ya nyanya ifanane na za majirani, na leo roho inaniuma. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na zamani ulikuwa ukijitokea taratibu kupitia chokaa. Saruji ikauziba. Nilipobandua kipande cha chini, karibu na mlango wa uani, nikakuta unga mweupe wa chumvi, na jiwe likasagika kidoleni kama mkate mkavu.

Chokaa fundi aliiloweka pipani tangu wiki ya kwanza. Leo kaifunua, imekuwa laini kama mtindi mzito. Kipimo kimoja cha chokaa, vitatu vya mchanga. Vijana walitaka kuuchota ufuoni, mzee akawazuia: “Ule una chumvi, wanangu. Na chumvi ndiyo tunayoihangaikia kuitoa.” Mkono wa kwanza umepigwa mwembamba, kisha tukatundika magunia mabichi mbele yake, maana chokaa ikikaushwa na jua hili la kaskazi hupasuka.

Mabati tumeyaacha kwanza. Makuti yatasubiri pesa.

Kilichonikosesha usingizi ni dirisha. Nyumba itakuwa karakana ya ushonaji ya kina dada wa mtaa, cherehani sita, na ami anataka tutoboe ukuta wa mbele tuweke vioo vikubwa. “Sindano haitungwi gizani,” kaniambia, na ni kweli. Lakini ukuta huo ndio uliobeba paa. Nikamkumbusha Fort Jesus, ile ngome ya Wareno Mombasa: matumbawe vilevile, ujenzi ulianza 1593, ikawa gereza hadi 1958, na leo ni makumbusho. Kazi imebadilika, kuta zimebaki. Akanijibu kwamba wafungwa hawakuwa wakishona kanzu za harusi.

Basi nikamwonyesha baraza. Lina kivuli tangu adhuhuri, upepo wa bahari unafika, mwanga ni tele, na nyanya alikuwa akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, pale pale kila alasiri. Cherehani tatu zitakaa humo, ndani kubaki ukataji na upigaji pasi.

Ami hajakubali. Kesho saa kumi nampelekea cherehani moja barazani, atunge sindano mwenyewe bila miwani.