Jinsi Nilivyoiacha Kampuni Kabla ya Kuomba Ubunge

Wengi wanaoniuliza jinsi nilivyotoka kwenye kiti cha Mtendaji Mkuu wa kampuni ya bima jijini Dar es Salaam hadi bungeni Dodoma huanza na kampeni: nilitumia kiasi gani, nilianza lini, nani alinishika mkono. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kazi iliyoamua mengine yote ilikuwa ile ya kujitoa kwenye kampuni, na niliimaliza kabla jina langu halijafika kwenye kikao chochote cha uchujaji.

Mtu wa biashara hana njia ya mkato katika siasa zetu. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka anayeomba ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hajapata nafasi, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, kuamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Kwa hiyo mtendaji mwenye jina kubwa Posta na Masaki jijini Dar es Salaam akifika kwenye tawi la chama kijijini anaanza kama mwanachama mwingine yeyote, tena mwenye kutiliwa shaka. Walionitia moyo walipenda kunitajia Mohammed Dewji, aliyeliwakilisha jimbo la Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015 huku akiendelea na biashara zake, na baadaye Dk. Charles Kimei, aliyeiongoza Benki ya CRDB kwa takriban miaka 20 kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Vunjo mwaka 2020. Mifano hiyo ni ya kweli, lakini haikunisaidia sana. Mmoja alikuwa na biashara ya familia yake, mwingine alikuwa amekwisha kustaafu. Mimi nilikuwa mwajiriwa mwenye mkataba, bodi juu yangu na wafanyakazi chini yangu.

Nilipomweleza mwenyekiti wa bodi nia yangu, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 2020, alinipa pendekezo ambalo kwa hakika lilikuwa la ukarimu: nichukue likizo bila malipo, nijaribu bahati yangu katika kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani wa chama wa kupata mgombea, na nikishindwa nirudi kwenye kiti changu. Nilimshukuru na kulikataa. Kampuni ya bima huishi kwa kuaminiwa na wateja wa kila upande wa siasa, nayo iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mtendaji wake akionekana jukwaani na sare ya chama huku jina lake bado liko kwenye barua za kampuni, mteja ana haki ya kujiuliza michango ya sherehe za chama inatoka kwenye ada ya nani. Aidha, anayejua kwamba ana pa kurudi huomba kura kama mtu anayeomba lifti. Niliandika barua ya kujiuzulu, nikatoa notisi kama mkataba ulivyotaka, nikakabidhi ofisi kwa naibu wangu, na gari la kampuni likabaki kwenye maegesho yake.

Hisa zilinisumbua zaidi. Kampuni yetu haikuwa imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo kuziuza haikuwa kazi ya siku moja wala ya mnunuzi yeyote. Niliuza sehemu kwa wanahisa wenzangu kwa bei waliyoitaka wao, nikabaki na nyingine. Kisha niliiandikia bodi kuomba kampuni isishindanie zabuni yoyote ya halmashauri ya kwetu endapo ningeshinda, kwa sababu mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani katika halmashauri yake, na sikutaka kukaa kwenye kikao kinachojadili malipo ya kampuni ambayo gawio lake linaingia kwenye akaunti yangu. Mwenyekiti alisaini bila furaha. Sikumlaumu, nilikuwa nikimpunguzia biashara kwa ajili ya ndoto yangu.

Lakini lililonigharimu kwa watu lilikuwa suala la madawati. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kila mwaka wa kuchangia shule za msingi, na katika orodha hiyo zilikuwamo shule za wilaya yetu, Nyanda za Juu Kusini, hata kabla sijafikiria siasa. Mwaka niliofanya uamuzi niliomba wilaya yetu iondolewe. Kitengo cha mawasiliano kiliona ninapoteza nafasi ya bure, na kwa hesabu ya kura walikuwa sahihi. Ila Mahakama Kuu ilikwisha kubatilisha tangu 2006 vifungu vya takrima, yaani vilivyoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi. Ningemwelezaje Msajili wa Vyama vya Siasa kwamba dawati lililotolewa Machi ni huruma ya kampuni, na mwombaji kura wa Julai ni mtu mwingine? Kijijini hawakulipokea jambo hilo kwa mtazamo wa sheria. Walisema nimepata cheo nimewasahau, na maneno hayo nilikutana nayo hadi siku ya kupiga kura.

Kwenye tawi letu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa chama tangu enzi za TANU. Baada ya kumwamkia na kujieleza kwa kirefu, akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, utakuwa na mishahara mingapi?" Wasomaji wa umri wangu wanajua swali hilo lilikotoka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili na hata kupangisha nyumba, na masharti hayo chama kiliyalegeza katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Kisheria ningeweza kumjibu kwamba wakati huo umepita. Badala yake nilimtolea nakala ya barua ya kujiuzulu na ile niliyoiandikia bodi, mwanawe akamsomea. Hakuniahidi kitu. Hata hivyo, habari za barua hizo zilitangulia mbele yangu katika kata ambazo sikuwa nimefika, na nadhani zilinifanyia kazi kuliko picha zangu zote.

Wapo walionishauri niende viti maalumu, ambavyo Katiba inavitenga kwa ajili ya wanawake, visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Ni njia halali na imetupatia wabunge hodari sana. Mimi nilitaka jimbo, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuteuliwa na kikao cha watu wachache. Juu ya kura za maoni za Julai 2020 sitaeleza mengi. Watia nia tulikuwa wengi hadi ukumbi ukatushinda, kila mmoja akapewa dakika chache za kujinadi, na watu fulani walinipigia simu usiku wakijitia kuwa wanaweza kunipangia kura kwa malipo. Simu hizo nilizikata. Sikuwa wa kwanza kwa kura, lakini jina langu lilirudi kutoka vikao vya juu, nikateuliwa na Tume ya Uchaguzi mwezi Agosti, na Oktoba 28 nikachaguliwa, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliulalamikia kwa mengi na ambao sitadai kwamba kila mtu aliuridhia.

Dodoma nilikuta maswali yaleyale yakiwa yameandikwa kwenye fomu. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka mbunge awasilishe kwa Spika taarifa ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma inadai tamko jingine kwa Sekretarieti ya Maadili, ambalo hurudiwa kila mwisho wa mwaka. Wenzangu wengine waliokuwa na biashara walihangaika kutafuta nyaraka. Zangu zilikuwa kwenye faili moja.

Faida yake niliiona wazi zaidi wakati wa Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, ambao Bunge liliupitisha Novemba 2023. Humo ndani nilikuwa mtu anayejua kwa nini skimu ya bima hufa pale wagonjwa wanapojiunga na wazima wakabaki nje, na kwa nini kumfuata mkulima wa viazi akulipe mchango wa mwaka mzima mwezi Februari, wakati ghala ni tupu, ni kupoteza muda. Lakini pia nilikuwa mwanahisa wa kampuni ya bima. Kanuni za Bunge zinataka mbunge atamke maslahi yake kabla ya kuchangia, nikayatamka: jina la kampuni, kwamba nina hisa, kwamba si mjumbe wa bodi. Baadhi ya wabunge waliguna. Nikaendelea hadi kengele ilipolia, na nilipokaa hakuna aliyesimama kuomba mwongozo juu ya uhalali wangu.

Si kila ujuzi wa ofisini ulifaa. Kusoma hesabu kulinisaidia sana kila Aprili, taarifa za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinapowasilishwa bungeni. Kutoa amri hakukunisaidia kabisa: mkurugenzi mtendaji wa halmashauri hakuwa mfanyakazi wangu, na barabara ya kata hutengenezwa kwa barua, vikao na kufuatilia tena baada ya vikao. Wapiga kura nao waliamini kampuni bado iko mkononi mwangu, wakaja na ada za shule, misiba na paa za makanisa na misikiti. Niliwaeleza kwamba Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo una kamati na taratibu zake, na kwamba kutoka mfukoni mwangu nachangia misiba na matibabu tu. Msaidizi wangu aliandika kila shilingi kwenye daftari ambalo yeyote aliruhusiwa kulisoma, na walilisoma kweli, hasa waliotaka kujua jirani alipewa ngapi.

Hivi karibuni mkurugenzi wa kampuni moja ya usafirishaji alinipigia kuuliza kama anaweza kuchukua fomu wakati ujao huku akiwa bado na gari na dereva wa kampuni, angalau hadi kura za maoni zipite. Nilimwambia funguo zirudi kwanza, kisha ndipo aende kuulizia fomu. Alisema atazungumza na mkewe na bodi. Mpaka leo bado yuko kazini, na gari bado analo.