Barabara ya Kolwezi, kwa wale wanaopenda kusimama njiani

Mimi ni mtu wa kusimama njiani, yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni mtu wa kufika. Kwa hiyo mkituweka ndani ya gari moja Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilomita kama 300 hivi, ni kelele tu. Wikendi hii tulikuwa na harusi kule, yaya anaendesha, mulamu (shemeji yangu) mbele, mimi nyuma na watoto wawili na sufuria la mutu fulani tuliombwa tupeleke.

Nilikuwa nimejiandaa lakini. Usiku wa kuamkia safari nilibaki na telefone nikiangalia vituko vya barabarani vya Wamarekani, wale watu sijui wanatoa wapi muda. Pale Amarillo, Texas, kuna Cadillac 10 zimezikwa pua chini shambani tangu 1974, na watu wanatoka mbali na makopo ya rangi wanazipuliza, wengine wanakuja wanapuliza juu yake. Nebraska kuna mutu 1987 alipanga magari mabovu yaigane na yale mawe ya zamani ya Uingereza, Stonehenge, akayapaka rangi ya kijivu, eti ni kumkumbuka baba yake. Hiyo ya pili nimeipenda kabisa. Asubuhi nikamwonyesha yaya zile Cadillac, akaangalia vizuri halafu akasema: "Huku kwetu? Bafundi beko banachomoa mota mbele udongo haijakauka." Na ni kweli, hata vioo visingelala.

Basi nikawaza, sisi hatuna mutu wa kuzika Cadillac, lakini hii barabara ina vitu vya ajabu ambavyo hakuna aliyevijenga kwa ajili ya watalii, hakuna kibao, hakuna tiketi, na tunavipita kila siku tukiwa na haraka ya kufika peyaji, pale pa kulipia barabara. (Shimini ya Gécamines, lile bomba la moshi la kampuni ya madini lenye mita 153, na ule mlima mweusi wa taka za shaba sihesabu, unaviona toka mjini, hiyo siyo kutoka nje ya njia.)

Cha kwanza ni vichuguu. Najua, najua. "Yaya, simama kidogo." "Nini?" "Kichuguu." Mulamu alicheka mpaka akakohoa. Lakini ukishuka ukasimama chini yake, siyo kukiona kupitia kioo, ni jambo lingine. Vikubwa vya huku Katanga vinafika mita 8 kwenda juu, vipana chini kuliko nyumba nyingi za kartye yetu, na miti inaota juu yake ambayo pembeni hauioni. Kuna watafiti walipima umri wa vichuguu vya karibu na Lubumbashi kwa kaboni, wakakuta vingine ambavyo mchwa walishavihama vina karibu miaka 2200, na vile ambavyo bado vinakaliwa vina zaidi ya 700. Fikiria hiyo! Lubumbashi yenyewe ni ya 1910. Na sisi tunavikata tunafyatua matofali, wamama wajawazito wanakula udongo wake, tunapanda mahindi kwa ubavu wake. Kile tulichosimamia upande mmoja kilikuwa kimekatwa wima, unaona vijumba vya ndani na vinjia, na mchwa walikuwa tayari wanaziba, kila mmoja anakuja na tonge lake la udongo mbichi mdomoni, anaweka, anageuka, anarudi. Mtoto mdogo aligoma kurudi garini. Yaya alipiga honi mara nyingi sana.

Mchwa hao hao ndio waliotupa kituo cha pili, kwa sababu wanalima uyoga ndani, na mvua zikinyesha uyoga unatoka nje. Kuna aina moja ambayo ndiyo uyoga mkubwa kuliko wote wanaoliwa duniani, kofia yake inaweza kufika mita moja, na uko huku na kwa majirani Zambia. Kabla ya Likasi kulikuwa na kijana kasimama pembeni ya lami ameushika mmoja kwa shina, mvua inanyunya, na yeye kajikinga nao kama mwavuli, huku anauuza! Hapo sikuhitaji kuomba, yaya mwenyewe alifunga breki. Mulamu akashuka, akaugeuza, akachungulia chini kwenye vile vijikaratasi kuona kama kuna funza, akaunusa, akataja bei yake. "Mama, ongeza kidogo, huyu ni wa leo asubuhi." "Wa leo na umeshalowa hivi?" Wakasumbuana pale mpaka kamio ikatupigia honi. Tuliununua. Ukalala kwenye mapaja yangu mpaka Kolwezi na harufu yake ya msitu, sufuria likapelekwa miguuni.

Kule South Dakota kuna duka la dawa la mji wa Wall, wenyewe walilinunua 1931, wateja hawakuja, mpaka 1936 walipoweka vibao barabarani kwamba hapa kuna maji ya barafu ya bure. Mpaka leo watu wanajaa. Yule kijana angepata kibao kimoja tu kilomita chache nyuma, "Uyoga mkubwa kuliko kichwa chako", angekuwa tajiri.

Likasi mtoto mkubwa akauliza kama tutaona Shinkolobwe, maana shuleni waliwaambia urani ya bomu la Hiroshima ilitoka hapo. Ilitoka hapo kweli, sehemu kubwa. Mulamu alisema hapana kabla hajamaliza sentensi, na hapa niko upande wake: pamefungwa, na mgodi wa urani siyo mahali pa kupigia selfi. Tukapita.

Baada ya Likasi, ukikaribia Fungurume, kuna vilima vyenye kipara. Msitu wa miombo unakuja vizuri, halafu ghafla unakatika kama umenyolewa, juu ni nyasi tu na maua madogo. Ni shaba iliyo udongoni, ni nyingi mpaka inaua miti, na mimea michache tu imezoea sumu hiyo. Mmoja una jina refu, Haumaniastrum katangense, ua la shaba, na unaota pia pale wazee walipoyeyusha shaba zamani, kwa hiyo watafiti waliufuata wakapata mahali pa matanuru. Ile misalaba ya shaba iliyokuwa pesa, mitatu kati yake ikawekwa kwenye bendera ya Katanga 1960, inatoka kwenye kazi hiyo. Nendeni mvione vilima hivyo mapema, vingine vishakuwa mashimo na vingine viko nyuma ya waya wa kampuni.

Sasa ninachotaka ni Lofoi, maporomoko ya zaidi ya mita 340, ndani ya parki ya Kundelungu. Hiyo siyo kusimama njiani, hiyo ni kuacha njia kabisa, na gari ya yaya tumbo liko chini. Nimesema tungoje kiangazi, yeye amesema atafikiri, mulamu yeye ameshaanza kuuliza nani kwenye familia ana Land Cruiser.