Mara ya nne kwenye mianzi ya Ulsan
Leo nimerudi tena kwenye msitu wa mianzi kando ya Mto Taehwa, Ulsan, Korea Kusini. Wenyeji huuita wa "simni", yaani ri 10 (ri ni kipimo cha zamani cha umbali cha Kikorea), kama kilomita 4 hivi.

Mei nilikuta uwanja mzima umewaka maua mekundu ya popi, na wapiga picha wengi kuliko nyuki. Agosti jua lilikuwa la kuchoma, lakini ukiingia tu kwenye mianzi hewa inabadilika. Nilishika shina moja: la baridi, laini, na unga mweupe chini ya pingili. Huko juu yangeyange wanagombana. Oktoba ni maua ya krisanti, mazuri, basi.

Sasa Januari, jamani! Jua lilipozama walikuja kunguru maelfu kwa maelfu, wakazunguka juu ya mto kama moshi, halafu wakajimwaga kwenye mianzi kulala. Kelele zake, hata simu husikii. Na kumbe mto huu zamani ulinuka taka za viwanda! Tangu 2019 hapa ni bustani ya taifa.

Ukija jioni vaa kofia. Koti langu nimeshalifua mara mbili.