Saa 48 za Mzee Katibu

Kwenye slipu yangu ya mshahara kulikuwa na mstari ulionikera kuliko hata ule wa kodi ya PAYE: ada ya chama cha wafanyakazi, sh. 9,600. Asilimia 2 ya 480,000. Nilikuwa nikiipigia hesabu njia nzima nimebanwa kwenye daladala ya Segerea, kwamba hiyo ni sukari kilo tatu kabisa. Nilichokiona mimi kikirudi ni fulana na kofia ya Mei Mosi, na fulana yenyewe ukiifua mara mbili inamwenea mwanangu wa darasa la pili.

Nasoma mita za maji. Mwajiri wangu si mamlaka ya maji, ni kampuni iliyopata zabuni ya kusoma mita, na jina lake silitaji maana bado nakula hapo. Unafungua kisanduku, unapangusa vumbi, unafukuza mende, unasoma tarakimu, unapiga picha, unahamia geti la pili ambako mbwa anakusubiri.

Mwaka juzi, Alhamisi saa kumi jioni, nikaitwa ofisini na kukabidhiwa barua. Natuhumiwa kula njama na mteja. Nyumba ina wapangaji kama kumi na wawili, lakini miezi minne mfululizo mita inaonyesha uniti tatu tu. Kikao cha nidhamu kesho yake saa tatu asubuhi. Msimamizi akaniambia kwa upole ambao mpaka leo unanikera: "Dada, ukiandika tu barua ya kuacha kazi, mambo yanaishia humu humu."

Nikaenda kulia kwa katibu wa tawi la chama. Naye ni msoma mita kama sisi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hata hakuniuliza kama nimekula hela. Aliuliza barua nimepewa saa ngapi, akahesabu kwa vidole.

"Kumi jioni mpaka tatu asubuhi, saa kumi na saba. Kanuni za kazi za mwaka 2007 zinasema kwa kawaida zisipungue 48, na una haki ya kuingia na mtu wa chama. Usisaini kitu, binti yangu."

Kikao kikasogezwa hadi Jumatatu. Ijumaa nzima tulikuwa stoo tukipekua kitabu cha hitilafu, kile cha nakala za kaboni, mpaka vidole vikawa vya bluu. Tukaukuta mwandiko wangu wa mwezi wa pili wa ile minne: mita inakwama, ibadilishwe. Chini yake sahihi ya aliyepokea.

Nilitegemea Mzee Katibu angefoka kama anavyofoka mikutanoni. Wapi. Aliweka fotokopi mezani, akauliza ni nani aliyepokea taarifa hii na alichukua hatua gani. Kimya. Mita ilipokuja kufunguliwa ikakutwa imejaa mchanga.

Nilipewa onyo la maandishi kwa kutotoa taarifa mwezi wa kwanza. Hilo nililistahili, nilikuwa na haraka. Baadaye Mzee aliniambia kwamba laiti wangenifukuza, ningekuwa na siku 30 tu za kufika na malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Mimi ningezimaliza kijijini nikiuguza moyo.

Kuna mwenzangu alijitoa chamani ili kuokoa pesa, akakuta bado anakatwa. Inaitwa ada ya uwakala. Chama chenye wanachama wengi kazini kikikubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anakatwa, kwa kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwa hiyo analipa, ila kura hana. Amekasirika, na hasira zake nazielewa, lakini mkutanoni hawezi kunyoosha mkono.

Mimi naweza. Tangu niingie tawini, taarifa ya mapato na matumizi nimeisikia ikisomwa mara moja, mbio mbio, kama mnadani. Jumamosi hii tuna mkutano wa tawi. Nimeomba kwa maandishi isomwe taratibu na nakala zigawiwe, na tangu Jumatatu Mzee Katibu ameninunia.